Visima vya Kapinga na Saa ya Kinshasa

Kapinga alikuwa amepima visima sitini na kimoja katika vijiji vya upande wa barabara ya Kasenga, lakini kwenye seva ya ofisi yetu Lubumbashi vilionekana tisa. Hamsini na viwili havikuwapo. Havikuwa vimefutwa wala kuibwa. Kwa macho ya ofisi havikuwahi kupimwa. Ijumaa saa sita mchana orodha ya vijiji vitakavyochimbiwa visima vipya ilikuwa lazima iondoke, na Directeur alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba kama mafaili hayapo, basi Kapinga amekaa miezi miwili kwa watu akila samaki wa mto Luapula, na mkataba wake utaishia hapo.

Nirudi nyuma kidogo, ili asiyetujua asipotee.

Nilianza kazi nikiwa opératrice, mwendeshaji wa mashine ya telex, msichana mwenye viatu vya kuazima, na nimemaliza mwaka huu nikiwa fundi wa kompyuta wa shirika dogo linalochimba visima vijijini. Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza kutunza mashine za watu walio mbali. Mtu aliye mbali huwezi kumwonyesha kwa kidole. Una sauti yake tu kwenye simu, na sauti hiyo mara nyingi imechoka, ina njaa, na iko juu ya kichuguu.

Kichuguu nasema kweli. Vichuguu vyetu vya Katanga vinazidi nyumba kwa urefu, na kijijini ndiko mtu anakopanda kutafuta réseau, mtandao wa simu. Kapinga alikuwa na chake nyuma ya kituo cha afya. Kila jioni alipanda na kompyuta mgongoni kama mtoto, akawasha simu yake iwe njia ya mtandao, akangoja.

Sasa jinsi kazi hiyo ilivyopangwa. Kompyuta ya mtu wa mbali ilibeba ndani yake nakala ya folda ya ofisi. Mtu alifanya kazi bila mtandao wowote, kisha mtandao ulipoonekana, nakala yake na folda ya ofisi zilikutana na kila moja ikachukua kilichokosekana kwake. Wakubwa wa Kinshasa waliita jambo hilo synchronisation. Ilunga, secrétaire wetu, aliliita kusalimiana. Watu wawili wakikutana njiani, alisema, huyu anatoa habari zake na yule anatoa zake, halafu wanaachana wote wawili wanajua kila kitu. Sijapata maelezo bora zaidi, hata katika vitabu.

Ilunga alikuwa na haki ya kuzungumzia jambo hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia. Mama yake alipougua, alifanya kazi miezi minne akiwa Kipushi, kompyuta ikiwa kwake. Aliporudi, mashine yake ilikataa kusalimiana. Nikaona kitufe kilichoandikwa kwamba kinamwaga ghala la nakala na kuanza upya. Nikabonyeza. Ilunga alikuwa amekaa kando yangu, ananimiminia chai. Barua za miezi minne zilikuwa katika ghala hilo peke yake, hazikuwa popote pengine duniani. Aliweka kikombe mbele yangu polepole, akasema:

“Kunywa chai, Mama Astrid. Kazi yangu umeshakunywa.”

Niliketi naye majuma matatu, yeye akikumbuka na mimi nikiandika. Tangu siku hiyo ananiita Mama Ufagio, na hata padri wa parokia yetu anajua sababu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza niliilipia mwenyewe: kabla ya kurekebisha chochote, toa nakala ya kila kitu kilicho kwenye mashine, uiweke nje ya mashine. Hata kama unajua tatizo ni nini. Hasa kama unajua tatizo ni nini.

Sheria ya pili nilifundishwa bure na Papa Mukalay, fundi wa telex, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Kongolo kama mimi. Mwanzoni nilikuwa nikimuuliza kila mteja amebadilisha nini kwenye mashine yake, na kila mteja alijibu kwamba hajagusa kitu. Papa Mukalay alinisikiliza mwezi mzima, akicheka ndani ya masharubu yake. Halafu akaniambia kwamba swali hilo ni la polisi, na mbele ya polisi kila mtu hana kosa. Nimuulize mtu kitu gani kilikuwa kinamkera kwenye mashine. Mtu husahau alichokigusa, lakini kilichomkera hakisahau.

Mngefikiri kwamba mtu mwenye sheria mbili za namna hiyo angemaliza kesi ya Kapinga kwa dakika kumi. Ilinichukua siku tano, na mbili kati ya hizo nilizipoteza kwa kiburi.

Kapinga ni mtoto wa Lubumbashi. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya biashara, naye amesoma jiolojia chuo kikuu. Anasema haraka na anatembea haraka. Kazi yake ilikuwa kufika katika kila kijiji mwisho wa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa, kushusha ndani ya kisima utepe wenye uzito, kusoma kina cha maji, na kuandika papo hapo kwenye kompyuta. Kila kisima kilikuwa na faili lake. Karatasi hazikuwapo tena. Shirika lilikuwa limeamua kufanya kazi bila karatasi, na tulikuwa tumeshangilia uamuzi huo kwa soda. Kijiji ambacho maji yake yako mbali sana ndicho kinachochimbiwa kisima kipya. Mashine ya kuchimba ilikodishwa Zambia, na juma hilo ilikuwa katika foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Ikivuka, inahitaji kuambiwa iende wapi, kwa sababu mvua ikianza lori zito kama lile halifiki popote.

Directeur hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameumwa na nyoka, sasa aliogopa kamba. Miaka miwili kabla, mpimaji mwingine alituletea kwa simu namba nzuri za vijiji vingi, tukachimba, na katika kijiji kimoja tukakuta kisima kizuri tayari kimejaa maji, na watu wakitushangaa. Mpimaji yule hakuwahi kufika. Ofisini tuliita visima vile visima vya mezani. Tangu hapo Directeur alikataza mtu yeyote kupokea namba kwa simu. Alitaka faili lenyewe, lililoandikwa siku yake, lije kwa njia yake.

Jumatatu Kapinga alinipigia. Nilimwambia jinsi seva inavyoonyesha. Akajibu hapohapo:

“Mama, huku yote iko vert. Kila mangaribi minaona vert.”

Alama ya kijani kwenye faili ilisema tu kwamba faili limehifadhiwa salama ndani ya kompyuta yake. Haikusema kwamba limefika Lubumbashi. Yeye hakulijua hilo kwa sababu mimi sikumwambia siku nilipomkabidhi mashine. Liandikeni mahali: mtu wa mbali lazima ajue tofauti kati ya limehifadhiwa na limefika.

Kisha nikaingia katika kiburi changu. Nilikuwa nimeona kesi kama hizo mara nyingi, na karibu zote zilikuwa za mega, yaani data za simu. Sisi wote tunazima data mara ujumbe unapoondoka, kama mtu anavyofunga bomba, na kusalimiana kunakatika katikati. Nikamwambia Jumanne apande kichuguu na aache data wazi saa nzima. Akaacha. Mega zake zote zikaisha na hakuna faili hata moja lililofika. Jumatano nikamtumia mega nyingine, tukarudia. Aliniambia kwamba wanawake wa kijiji wameanza kumuuliza kama huko juu anaomba mvua.

Mnaona kosa langu. Sikumuuliza kitu. Nilimpa dawa kabla ya kusikia ugonjwa, halafu nikamwongezea dozi.

Alhamisi asubuhi jibu la Kinshasa likafika, maana nilikuwa nimewaandikia pia. Ushauri wao ulikuwa mfupi: mwambieni mtumiaji amwage ghala la nakala, aanze upya. Directeur alikuja nao mezani kwangu, umechapishwa kwenye karatasi, akaniambia nifanye hivyo sasa hivi ili siku iishe. Nilimwambia hapana. Nilikuwa sijawahi kumwambia hapana tangu alipofika. Nilimweleza kwamba visima vyote hamsini na viwili viko ndani ya ghala hilo, na tukilimwaga hatutajua kamwe kama msichana yule alitembea au alikaa.

Ilunga hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kazi yake.

“Directeur, kama anafanya ile, mulete na chai.”

Directeur alikijua kisa hicho. Aliikunja karatasi, akasema nina mpaka Ijumaa saa sita, na si dakika moja zaidi.

Nilimpigia Kapinga kumwambia aweke kwanza nakala ya kila kitu kwenye clé, kile kijiti cha kuhifadhia mafaili. Alikuwa nayo moja tu, imejaa nyimbo za chorale yake. Yeye ni alto na alikuwa akijifunza za Noeli. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Nilimwambia afute nyimbo, Mungu anazijua. Akazifuta. Usiku ule nililala vizuri kidogo, kwa sababu kazi yake sasa ilikuwa mahali pawili. Lakini nakala hiyo isingemsaidia mbele ya Directeur. Ilikuwa na namba, na namba mtu anaweza kuziandika jana akiwa mezani.

Ijumaa asubuhi nilikaa chini na kufanya kile ambacho Papa Mukalay angenikumbusha tangu Jumatatu. Nilimpigia Kapinga, sikumuuliza amebadilisha nini. Nilimuuliza mashine hiyo ilimkera wapi.

Alinitajia betri. Alinitajia herufi moja inayokwama. Halafu:

“Na ile saa. Ilikuwa tu ya Kinshasa. Kila siku iko nyuma saa moja. Nilichoka, nikaipeleka mbele miye mwenyewe.”

Nilimwomba aseme tena, polepole.

Vijana, nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa wakiwa saa mbili, sisi Lubumbashi tuko saa tatu. Habari za televisheni za kule tunazitazama tayari tumekula. Kompyuta zetu zilitayarishwa Kinshasa, zikaletwa kwetu zikiamini kwamba bado ziko Kinshasa. Dawa yake ni kuiambia mashine kwamba imehama: unachagua Lubumbashi katika orodha ya miji, basi. Kapinga hakufanya hivyo. Aliiacha mashine ikiamini iko Kinshasa, kisha akasukuma mishale mbele saa moja. Kwa macho yake saa ilikuwa sahihi. Kwa seva, mashine ile ilikuwa inaishi saa moja mbele ya dunia nzima. Na seva yetu, kwa usalama, ilikuwa inamkataa mgeni yeyote ambaye saa yake inapishana na yake zaidi ya dakika chache. Haikusema inamkataa. Ilikaa kimya, na kompyuta ya Kapinga ikadhani tu kwamba bado haijaona ofisi, ikaendelea kuweka kila kitu ghalani na kuweka alama ya kijani.

Kosa hilo halimpati mtu wa nchi yenye saa moja. Linatupata sisi, na hasa watu waangalifu kati yetu, wale wanaokerwa na saa isiyo sahihi. Mzembe angeiacha ilivyo, na mafaili yake yangefika.

Nilimwongoza: fungua tarehe na saa, chagua Lubumbashi, sasa iache ijipange yenyewe. Alisoma kila neno kwenye skrini kabla ya kubonyeza, kama nilivyomwomba. Betri yake ilikuwa asilimia kumi na tisa na jua la kituo cha afya lilikuwa bado halijapanda vizuri juu ya paneli. Nikamwambia awashe mtandao. Nikamwita Directeur.

Tulisimama watatu mbele ya skrini, Directeur, Ilunga na mimi. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha faili moja likaingia, jina la kijiji na tarehe ya siku aliyopima. Kisha mawili. Yalikuwa mafaili madogo sana, lakini réseau ya kichuguuni ni kama maji ya bomba la mtaa wetu wa Kenya wakati wa kiangazi, tone halafu tone. Ilunga alianza kusoma majina kwa sauti. Siku moja visima viwili, siku nyingine kimoja, Jumapili hakuna, siku tatu hakuna kitu halafu vinne kwa siku moja. Hapo Directeur alishika meza. Baadaye aliniambia kwamba mtu anayetunga angegawanya sawasawa. Ile siku ya visima vinne, baada ya siku tatu ambazo Kapinga alimwambia alilala na homa, hakuna mtu mezani anayeweza kuiwazia.

Alichukua simu kutoka mkononi mwangu.

“Kapinga. Bisima byako binaingia. Miye njo nilikosa. Ukae hapo hapo, usishuke.”

Sikumsikia Kapinga alivyojibu. Directeur alisikiliza, akanirudishia simu, akaenda kusimama dirishani.

Saa tano na robo hamsini na kimoja vilikuwa vimefika, na kwenye kompyuta ya kichuguuni kikafunguka kidirisha kikiuliza swali. Faili la mwisho, la kijiji tukiite kwa Mwape, lilikuwa na sura mbili, moja ya Kapinga na moja ya ofisi. Mashine iliuliza ibaki ipi.

Sura ya ofisi aliiandika Ilunga, si Kapinga, kwa hiyo haikuhesabiwa kati ya vile tisa. Asubuhi ile ya kwa Mwape, Kapinga alikuwa amempigia akampa kina cha maji kwa mdomo, na Ilunga, kwa kumhurumia, akakiandika ingawa ilikatazwa: mita ishirini na mbili. Alikiri mbele ya Directeur akitazama viatu vyake. Sura ya Kapinga ilisema mita kumi na nne. Tulimpigia. Alikumbuka vizuri kwamba alipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza utepe ulinaswa na mzizi ndani ya kisima na ukadanganya, na utepe ulionaswa husoma pungufu ukisimama juu ya mzizi, au zaidi ukijikunja. Namba ya pili ndiyo ya kweli. Moja aliandika, nyingine alimpa Ilunga, lakini hakumbuki alianza na lipi, kuandika au kupiga simu.

Nilimwambia abonyeze panapoandikwa kuweka zote mbili. Mkikutana na kidirisha kile na hamjui, wekeni zote mbili. Orodha iliondoka kabla ya saa sita na vijiji kumi na viwili vya Kapinga ndani yake. Kwa Mwape Directeur alipaandika chini kabisa, kwa kalamu: inasubiri.

Mashine ya kuchimba ilivuka Kasumbalesa juma lililofuata. Vijiji kumi na viwili vinakunywa maji safi leo, na Kapinga ana mkataba mpya na chaki ya kuandika namba kwenye ukuta wa kila kituo cha afya anakolala, wazo lake mwenyewe. Shirika limerudisha daftari za karatasi, safari hii bila soda. Kabla ya kustaafu nilibandika ndani ya kila kompyuta inayoondoka kipande cha karatasi: chagua mji wako, usisukume mishale. Vijana walionirithi wanacheka, lakini hawakibandui.

Kuhusu kwa Mwape, nilihesabu hivi. Faili la Kapinga, likisomwa kwenye seva yetu kwa saa ya Lubumbashi, linasema lilihifadhiwa 11:05, yaani saa tano na dakika tano asubuhi. La Ilunga linasema 10:30, na saa ya ofisi haina shida. Kama siku ile Kapinga alikuwa bado hajasukuma mishale, basi 11:05 ni kweli: aliandika baada ya simu, na kumi na nne ndiyo namba ya pili, maji yako karibu, kijiji hakihitaji kisima. Kama alikuwa ameshaisukuma, basi kwa kweli ilikuwa 10:05: aliandika kabla ya simu, na ishirini na mbili ndiyo ya kweli, na watu wale wanavuta maji kutoka shimoni refu kama nyumba saba zilizopandana. Kwa Mwape ni kijiji cha kumi, cha kwanza ambacho faili lake halikufika. Huenda halikufika kwa sababu ya saa. Huenda halikufika kwa sababu siku ile hapakuwa na réseau ya data kabisa, sauti tu, kama Kapinga anavyofikiri, na mishale aliisukuma baada ya hapo. Siku aliyosukuma mishale haikumbuki.

Mvua imeanza. Maji ya visima vyote yamepanda, na kipimo cha leo hakitatuambia kitu mpaka mwisho wa kiangazi kijacho. Mafaili mawili ya kwa Mwape bado yako kwenye seva, moja chini ya lingine.